Treni za mizigo za Nyika ya Taru na kahawa ya kwetu Nyakasimbi



Leo naandika kuhusu treni za mizigo. Najua wapo watakaocheka, mtu wa Nyakasimbi na treni wapi na wapi? Na kweli. Kwetu Karagwe hakuna treni. Mtu akitaka kuona reli avuke ziwa mpaka Mwanza, au ateremke na basi mpaka Isaka. Mimi mpaka namaliza fomu six treni nilikuwa naijua kwenye vitabu vya jiografia tu.

Lakini ndiyo maana naandika. Kuna reli moja iko mbali kabisa na sisi, inakatiza nyika kavu ya Kenya kati ya Mombasa na Voi mpaka Tsavo, ambayo kwa miaka mingi ilibeba kahawa ya Kagera kwenda baharini. Sisi hatukuiona, yenyewe ilitujua vizuri. Na ukikaa kando yake siku nzima ukahesabu mabehewa yanayopita, unaelewa mambo ambayo kwenye madesa ya Historia ya Uchumi tunayakariri tu ili tusidisko.

Likizo ndefu iliyopita rafiki yangu wa hosteli alinichukua tukaenda kumsalimia mjomba wake Maungu, kule Taita. Mzee huyu aliendesha malori ya Mombasa–Nairobi maisha yake yote, sasa amepumzika. Maungu ni kituo kidogo tu cha barabarani kabla hujafika Voi: maduka, gereji, chai, mbuzi wanalala kivulini chini ya matrela. Raha yake ni kwamba pale vitu 3 vinakwenda karibu karibu. Kuna barabara kuu ya lami. Kuna reli ya zamani, ile nyembamba ya upana wa mita 1, iliyofika maeneo hayo mwaka 1897. Na kuna reli mpya, SGR, iliyozinduliwa tarehe 31 Mei 2017, imekaa juu ya tuta refu la udongo kama ukuta. Zaidi ya hapo ni ardhi nyekundu, vichaka vya miiba vilivyopukutisha majani, na joto linalofanya reli kwa mbali ionekane kama maji.

Kutazama treni ya mizigo ni kazi ya subira. Unakaa chini ya mti, unakunywa maji, unapiga stori. Halafu unaona taa. Taa inakaa pale pale muda mrefu, unadhani haiji. Kisha ardhi inaanza kunguruma chini ya makalio (samahani, lakini ndivyo ilivyo), injini za dizeli zinapita, na nyuma yake kontena juu ya kontena, juu ya kontena... Tulijaribu kuhesabu behewa moja moja, tukafika 50 na ushee. Mwili wa treni unapita mbele yako mpaka unasahau ilianza lini. Ikishapita, kimya kinarudi ghafla na vumbi linashuka taratibu. Baada ya muda, nyingine.

Siku ya kwanza nilikuwa nashangaa tu kama mtoto. Siku ya pili ndipo mjomba akanifungua macho. Aliniuliza, "Umeona zinazopanda na zinazoshuka?" Nikamwambia nimeona, zote ndefu. Akacheka. "Tazama tena, mwanangu. Zinazopanda Nairobi zina mali. Zinazoshuka Mombasa nyingi zina hewa." Nikamuuliza, "Mjomba, basi haya makontena yanarudi na nini?" Akajibu, "Hewa. Na chai kidogo, na kahawa."

Basi tangu hapo nikawa natazama kwa jicho lingine. Ni kweli, injini za treni inayopanda zinalia kwa nguvu, maana toka bahari mpaka Nairobi ni kupanda zaidi ya mita 1,600. Zinazoshuka zinateleza tu, na kati yake kuna mabehewa matupu kabisa, unaona anga upande wa pili. Hapo hapo una somo zima la uchumi wa Afrika Mashariki: tunanunua kwa kontena, tunauza kwa gunia. Nikajiambia, haya, na gunia la kwetu lilipitaje hapa? Nikaanza kusoma.

Tuanze na jina. Wazungu kwenye ramani zao waliandika Jangwa la Taru. Waswahili hawakuita jangwa, waliita nyika, na nadhani waliona sawasawa. Jangwa ni mchanga mtupu. Nyika ina miti, ina miiba, ina tembo, kilichokosekana ni maji. Misafara iliyotoka Mombasa kwenda bara ilitegemea ngurunga, yaani mashimo ya kwenye mwamba yanayotunza maji ya mvua. Ukikuta ngurunga limekauka, umekwisha. Hata majina ya stesheni yanasimulia: ukitoka Mombasa unakutana na Maji ya Chumvi kabla hata hujafika Taru. Hata Wamijikenda zamani waliitwa Wanyika kwa sababu ya makazi yao. Ndiyo maana zamani biashara kubwa ya kwenda maziwa makuu haikupita huku. Ilipita kusini, Bagamoyo kwenda Tabora.

Na hapo sisi tunaingia. Karagwe ilikuwa kwenye njia hiyo ya kusini. Mwaka 1861 Speke na Grant walipofika kwa Mfalme Rumanyika, hawakugundua njia mpya, walifuata njia ya wafanyabiashara toka Tabora. Pale Kafuro, karibu na ikulu ya Bweranyange, Waarabu na Waswahili wa pwani walikuwa na kituo chao. Pembe za ndovu zilishuka kusini, vitambaa na shanga na waya za shaba zikapanda. Mzigo wote huo juu ya vichwa vya watu, kwa miezi. Kwa hiyo wale wanaosema kwetu ni pembezoni mwa nchi waelewe kwamba kuna wakati Karagwe ilikuwa njia panda.

Reli ndiyo ilibadilisha. Waingereza walianza kujenga Mombasa mwaka 1896. Shabaha yao ilikuwa Uganda na chanzo cha Nile, na ndiyo maana iliitwa Reli ya Uganda ingawa yote ilikuwa ndani ya nchi inayoitwa Kenya leo. (Kwa usahihi zaidi, Kisumu yenyewe ilikuwa upande wa Uganda mpaka mipaka ilipobadilishwa mwaka 1902.) Kule kwao wapinzani waliiona ni wendawazimu, na jina la reli ya wendawazimu limeing'ang'ania mpaka leo.

Adui wa kwanza alikuwa nyika. Injini ya mvuke inakunywa maji kama ng'ombe, na maji hayapo. Kwa hiyo walipokuwa wanatandika mataruma ndani ya Taru, maji ya kunywa ya wafanyakazi yaliletwa na treni kutoka nyuma, kila siku. Treni ya maji ikichelewa, kambi nzima inasimama. Wanyama wa kubeba mizigo waliumwa na mbung'o, wakafa karibu wote. Watu wakapata malaria, vidonda na funza. Simba 2 wa Tsavo wa mwaka 1898 kila mtu anawajua kwa sababu ya sinema, wapo Chicago kwenye jumba la makumbusho, wamejazwa nyasi au sijui nini. Lakini wadau, simba hawakuwa ndio waliomaliza watu. Wafanyakazi walioletwa toka India kwa mkataba walikuwa karibu 32,000, na waliokufa ni karibu 2,500. Wengi wao ni maradhi. Hao hawana sinema. Na Waafrika waliofyeka njia na kubeba mizigo hata hesabu yao haikutunzwa kwa makini namna hiyo.

Kitu kimoja nilikipenda. Kituo cha Mackinnon Road, katikati ya nyika hiyo hiyo, kando kabisa ya reli ya zamani kuna msikiti wenye kaburi la Seyyid Baghali Shah, Mpunjabi aliyekuwa msimamizi wa kazi wakati wa ujenzi. Wanasema karai lake la udongo lilikuwa linaelea juu ya kichwa chake bila kugusa. Wasafiri wa Mombasa–Nairobi husimama pale kuomba dua mpaka leo. Uamini usiamini, lakini ni karibu sehemu pekee kwenye nyika ambapo mfanyakazi wa reli ile amepewa heshima ya jina lake.

Nairobi walifika Mei 1899. Desemba 1901 reli ikagusa Ziwa Viktoria pale Kisumu, ambapo siku hizo paliitwa Port Florence. Jumla karibu kilomita 930, na zaidi ya pauni milioni 5. Halafu wakaweka meli ziwani. Meli zilikuja vipande vipande toka Uingereza, zikapandishwa kwa reli ile ile, zikaungwa Kisumu. Hapo ndipo Bukoba, iliyokuwa chini ya Wajerumani, ikajikuta iko karibu na Mombasa kuliko Dar es Salaam! Toka Bukoba mzigo unapanda meli, unashuka Kisumu, unapakiwa kwenye behewa, unapanda milima ya Mau, unateremka Bonde la Ufa, unapanda tena Limuru, unapita Nairobi, halafu unakatiza nyika ya Tsavo na Taru mpaka bandarini. Wakati mzigo wa kwenda Dar ulikuwa bado unatembea juu ya kichwa cha mtu.

Kahawa kwetu haikuletwa na Mzungu. Buni zipo Buhaya na Karagwe tangu enzi za wafalme, zikichemshwa na majani na kukaushwa kwa ajili ya kutafuna. Mgeni akija anapewa kahawa atafune, na watu walichanjana damu kwa kahawa. Ilikuwa ni mali ya heshima, na watawala walisimamia nani apande. Kilicholetwa na reli ni kuigeuza kuwa mzigo. Ilipopatikana njia ya kuifikisha baharini kwa bei inayobebeka, serikali ya Wajerumani ikahimiza watu wapande, na baadaye Waingereza wakaendeleza. Kibanja cha migomba kikaingizwa mibuni. Kodi ikawa inalipwa kwa kahawa, mahari kwa kahawa, bati kwa kahawa, ada ya shule kwa kahawa. Na mimi nipo hapa chuo, bumu ikichelewa, kinachoniokoa ni kahawa ya maganda ya mzee.

Wajerumani walichukia, na haki yao. Koloni ni lao, mizigo ya ziwani inapita kwa mshindani! Hiyo ilikuwa moja ya sababu zilizowasukuma kuharakisha Reli ya Kati: Dar–Morogoro ikafunguliwa 1907, Tabora ikafikiwa 1912, Kigoma 1914. Na sasa sikilizeni hii, maana mimi mwenyewe sikuwahi kuisikia shuleni. Baada ya Tabora walipanga tawi la kwenda kaskazini magharibi, reli ya Ruanda, karibu kilomita 480, mpaka pale mto Kagera unapopinda. Pesa ziliidhinishwa, kazi ikaanza upande wa Tabora mwaka 1914. Mwaka huo huo vita kuu vikalipuka. Ikaishia hapo. Karagwe ingekuwa na reli jirani tangu enzi za babu wa babu zetu. Ilikosa kwa miezi tu!

Badala ya kuletewa reli, tukaletewa jeshi kwa reli. Askari wa Uingereza walioletwa kwa meli mpaka Mombasa walipandishwa treni kupitia nyika, na mwezi Juni 1915 wakapakiwa kwenye meli za ziwani pale Kisumu wakaenda kuishambulia Bukoba. Tarehe 22 na 23 mapigano, wakabomoa mnara wa simu ya upepo wa Wajerumani, wakapora mji, wakarudi zao Kisumu. Yaani njia ya kahawa ndiyo ikawa njia ya mizinga. Huku kwenye nyika nako Wajerumani waliokuwa Taveta walituma vikosi vidogo kuvuka kwa miguu, usiku, wakiwa na baruti, kwenda kulipua reli. Wengine walikamatwa na kiu kabla ya kukamatwa na adui.

Vita vikaisha, Tanganyika ikawa chini ya Waingereza. Mwaka 1928 reli ya Tabora–Mwanza ikafunguliwa, na mtu angedhani sasa kahawa ya Bukoba itahamia Dar. Haikuwa hivyo moja kwa moja. Njia ya Kisumu haikufa. Wanunuzi wa Kihindi, meli, maghala, mabenki, vyote vilikuwa vimezoea Mombasa. Na nauli ya mizigo siku zote ni siasa. Miaka ya 1920 watu wa Uganda walilalamika kwamba pamba yao inatozwa ili mahindi ya walowezi wa Kenya yasafirishwe kwa bei ya chini na reli za matawi zijengwe mashambani kwao. Mkulima mdogo wa kando ya ziwa hakuwa na mtu kwenye kikao kinachopanga nauli. Yeye alisikia bei tu, siku ya kupima gunia.

Babu yangu mzaa baba anakumbuka mwisho mwisho wa enzi hiyo. Anasema lori likija kuchukua kahawa, watoto walikimbia nyuma yake kunusa petroli. Nilimuuliza, babu, kahawa ilikuwa inaenda wapi? Akasema, "Ikienda Bukoba." Na Bukoba je? "Ikienda Kisumu." Na toka Kisumu? Akakaa kimya kidogo, akasema, "Huko ni kwa wenyewe." Kwa babu dunia iliishia Kisumu. Nyika yote ile, milima yote ile, meli za Ulaya, vilikuwa ni mambo ya wenyewe.

Na ndio wakati reli ile ilikuwa kwenye kilele chake. Tangu 1948 reli na bandari za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliwekwa chini ya shirika moja. Mizigo ya Mombasa ikazidi uwezo, hivyo wakaagiza Uingereza, kwa Beyer Peacock wa Manchester, injini za mvuke 34 zilizoanza kufika mwaka 1955, zile za aina ya Garratt. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252, hakuna injini ya mvuke kubwa zaidi iliyowahi kutembea kwenye reli ya mita 1 duniani. Zilitumia mafuta, na ziliweza kuvuta tani 1,200 toka Mombasa kupanda Nairobi. Zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Zimebaki 2 kwenye makumbusho ya reli Nairobi, na zote 2 zina majina ya milima ya Tanzania: Mount Gelai na Mount Shengena. Nilipoziona nikacheka peke yangu. Wazee waliokulia Voi wanasema ukisikia Garratt inapanda usiku ulikuwa unajua kabisa dunia inafanya kazi.

Miaka ya 1960 ikaja meli ya ajabu zaidi: behewa lenyewe linaingia melini, na reli imetandikwa ndani ya meli. MV Umoja na MV Uhuru. Behewa linavuka ziwa bila kushusha hata gunia 1. Majina yake tu yanakuambia watu walikuwa na ndoto gani.

Ndoto ikavunjika 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, shirika la reli likagawanywa kama mali ya marehemu, injini huku, meli kule. Umoja ikabaki Tanzania, Uhuru ikabaki Kenya. (Kweli kabisa, sitanii.) Kahawa ya Kagera ikageuziwa Mwanza, na toka hapo Reli ya Kati. Mwaka uliofuata majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera na daraja la Kyaka likalipuliwa, vita vikafuata. Karagwe ikajikuta mwisho wa njia, na mwisho wa njia ndipo bei inapofika ikiwa imechoka. Kila mtu wa katikati anakata chake. Mkulima akibanwa na ada au ugonjwa, anauza kahawa ingali maua kwenye mti, butura, kwa robo ya thamani yake. Na kilichobaki cha kutuunganisha na reli kilikuwa meli. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa karibu kufika Mwanza, mamia ya watu wakafa. Hilo sihitaji kuwasimulia, karibu kila familia ya Kagera ina jina la mtu wake.

Sasa turudi chini ya mti pale Maungu. Ukipanga historia hii yote, utaona mzigo wa Karagwe umegeuzwa njia mara 3. Kwanza ulielekea kusini, Tabora na Bagamoyo, juu ya vichwa. Baada ya 1901 ukaelekezwa mashariki, Kisumu na nyika ya Taru. Baada ya 1977 ukarudishwa kusini, Mwanza na Dar. Mara zote 3 sababu ilikuwa nje ya kibanja: pembe, chanzo cha Nile, ugomvi wa viongozi. Hakuna hata mara moja mtu wa Nyakasimbi aliyeulizwa.

Na mara ya 4 iko njiani. Kwetu Tanzania treni ya umeme ilianza kubeba abiria Dar–Morogoro Juni 2024, na Dodoma Julai 2024. Kipande cha Mwanza–Isaka kimo kwenye mradi, na kwenye mipango ya muda mrefu kuna reli ya toka Isaka kwenda Rusumo na Kigali. Angalieni ramani vizuri: Rusumo ndipo Kagera inapopinda. Yaani ni karibu njia ile ile ya Mjerumani ya 1914! Miaka zaidi ya 100 imepita na wazo halijazeeka. Likitimia, mizigo ya treni itapita jirani na kwetu.

Mimi nafurahi, ila nimeshakaa Maungu. Nimeona kwamba treni kupita karibu na kwako na treni kukufaa ni mambo 2 tofauti. Watu wa Taru na Maungu wameishi kando ya reli toka 1897, na bado kina mama wanafuata maji mbali kwa madumu huku mali ya mamilioni inapita juu ya tuta. Mizigo ilipohamishiwa reli mpya mwaka 2018 na kuendelea, kwa amri kabisa, vituo vya malori kama Mariakani na Mtito Andei viliumia. Mjomba alinionyesha mabanda ya chakula yaliyofungwa. Hakuwa na hasira, alisema tu, "Treni haili chai."

Kwa hiyo swali la kuuliza mapema, kabla taruma la kwanza halijalazwa, ni hili: behewa litasimama wapi, na litapakia nini? Kama Karagwe tutapakia kahawa ya maganda na maharage kwenye magunia, na kupokea kahawa ya unga ya kwenye kopo, basi reli itakuwa imefupisha tu safari ya unyonge wetu. Lakini kama stesheni itakuwa na ghala la vyama vya msingi, kiwanda cha kukoboa na kukaanga, na nauli anayoijua mkulima kabla hajavuna ili asikimbilie butura, hapo ndipo treni inayoshuka nayo itakuwa na mali, siyo hewa. Hayo yanapangwa mezani. Wajerumani walikaa na meza yao, Waingereza na yao. Sasa meza ni yetu, na baadhi yetu tunaosoma hapa uhandisi, uchumi na sheria tutakaa pale baada ya miaka michache. Msije mkasema hamkuambiwa!

Na wewe ukipata nafasi ya kupita Voi, shuka. Nenda Maungu, tafuta mti, nunua maji ya kutosha, kaa. Hesabu zinazopanda, hesabu zinazoshuka. Ni bure kabisa, na utajifunza kuliko lekcha nyingi tu (siwataji, mtihani bado haujasahihishwa).

Wanaojua zaidi kuhusu njia ya kahawa ya Kagera, hasa wenye wazee waliofanya kazi kwenye meli au maghala ya Bukoba na Kemondo, waulizeni wazee hao mapema mkaandike. Mimi kesho nina semina saa 2 asubuhi na sijasoma hata ukurasa.

Usiku mwema.